Tembo wa Zama za Barafu Njia ya Magadi

Watoto wa Woodley waonapo kitabuni picha ya tembo wa zama za barafu mwenye manyoya marefu, hudhani wanyama wa namna hiyo walikuwa Ulaya tu. Sivyo. Mtu akishika njia ya Magadi, akapita Kiserian na kuteremka katika Bonde la Ufa, hufika Olorgesailie.

Zamani hapo palikuwa na ziwa. Barafu ilipofunika kaskazini ya dunia, huku ilikaa milimani tu, na bondeni mvua na ukame vilipokezana. Kando ya ziwa aliishi tembo mkubwa kuliko wa leo, pamoja na nyani aliyewapita kwa ukubwa hawa waibao mahindi mashambani. Louis Leakey na mkewe Mary walichimba huko miaka ya 1940, na tangu 1947 watu huruhusiwa kutazama. Mashoka mengi ya mawe yameachwa palepale yalipokutwa. Tembo mmoja, wa karibu miaka 1,000,000 iliyopita, alikutwa amezungukwa na mawe makali yaliyomkatia nyama.

Baadaye mvua zikawa hazitegemeki. Wala nyasi wakubwa wakatoweka. Wakabaki wadogo, wasiohitaji maji mengi.

Wazazi waende mapema na maji ya kunywa, maana jua la huko ni kali mno.