Ua wa Siri katika Kumbukumbu ya Kompyuta

Makusudi ya makala haya ni kueleza jambo moja la kompyuta ambalo halijapata jina la kutulia katika Kiswahili, na kuonyesha kwamba jina likichaguliwa vibaya huficha maana badala ya kuifunua. Jambo lenyewe ni sehemu ya kumbukumbu ya mashine iliyotengwa kwa siri, ambayo hata kiini cha mfumo endeshi, mtawala wa mashine nzima, hakina ruhusa ya kuisoma.

Haja ya siri ya namna hii si ya mafundi peke yao. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, zipo nyumba salama ziwapokeazo wasichana wanaokimbia ukeketaji, hasa mwezi wa Desemba: Masanga kwa upande wa Tarime, na Mugumu kwa upande wa Serengeti. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ilikataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Lakini sheria haimfichi mtoto. Tuchukue basi daftari la nyumba kama hiyo, lenye jina la msichana, kijiji chake, na jina la aliyemleta. Likitiwa katika kompyuta ya kukodi iliyo mbali, mtunzaji wa mashine aweza kulifungua, na huenda mtunzaji huyo ana shemeji katika kijiji kile kile. Sidai kwamba nyumba hizo zatumia ufundi nitakaoueleza. Nasema tu kwamba daftari la namna hiyo laonyesha haja yake.

Msomaji ataweza kuuliza: je, haitoshi kuliandika daftari kwa maandishi ya fumbo? Hutosha maadamu limelala. Lakini siku ya kutafuta jina ndani yake, hapana budi lifumbuliwe katika kumbukumbu ya mashine, na hapo ndipo kiini, na yeyote aliyekishika kiini, aweza kuchungulia.

Mwaka 2015 kampuni ya Intel ilianza kuuza prosesa zenye dawa ya tatizo hilo, iitwayo SGX. Mashine inapowashwa, fungu la kumbukumbu hutengwa. Katika mashine za mwanzo halikuzidi megabaiti 128. Fungu hilo hugawanywa katika kurasa za baiti 4,096 kila mmoja. Programu ikitaka mahali pa siri, kiini huiagiza prosesa itie kurasa humo, moja baada ya moja, kisha prosesa hupafunga. Tangu hapo prosesa yenyewe hushika orodha ionyeshayo kila ukurasa ni wa nani, na mgeni yeyote akijaribu kuusoma, kiini kikiwa miongoni mwao, hapati kitu.

Hapa ndipo ilipo ajabu ya jambo hili. Kiini kimenyimwa kusoma, lakini kazi ya ugawaji haikuondolewa mikononi mwake. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Hivyo lazima mtu aamue nani apewe ukurasa na nani asubiri. Katika Linux, ambayo ilipokea kazi hii rasmi katika toleo la 5.11 la Februari 2021, kurasa zilizo wazi zikipungua chini ya 32, mtumishi maalumu huamka kutafuta kurasa ambazo hazikutumika karibuni, naye huziondoa mpaka zilizo wazi zifikie 64.

Kuziondoa kwenyewe kuna hatua tatu. Kwanza, ukurasa huzuiwa ili pasiwe na njia mpya ya kuufikia. Pili, kiini hungoja hadi wote waliokuwa wakifanya kazi ndani wawe wamesahau njia za zamani. Tatu, prosesa huuandika ukurasa kwa fumbo, huutia muhuri, na huweka namba ya toleo lake mahali pa siri. Kisha nakala iliyofumbwa hupelekwa katika kumbukumbu ya kawaida. Ukurasa ukihitajiwa tena, prosesa hulinganisha muhuri na namba. Kiini kikijaribu kurudisha nakala ya juzi badala ya ile ya jana, namba hazipatani, na mlango haufunguki.

Basi tuliite jambo hili nani? Wengine wangelipenda neno *hifadhi*. Lakini mtu wa Serengeti asikiapo neno hilo huikumbuka Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1951, ambamo mhifadhi huingia kila pembe na wengine ndio wazuiwao. Kwetu hapa mambo ni kinyume: mtunzaji ndiye wa kwanza kuzuiwa. Mimi napendekeza neno *ua*, ambalo wingi wake ni *nyua*, wala lisichanganywe na ua la mti ambalo wingi wake ni *maua*. Uani ni ndani ya nyumba, lakini si mahali pa kila aingiaye nyumbani. Aliyepokewa barazani, hata akiwa mwenye kodi ya nyumba, hapiti uani bila idhini. Kwa hiyo *ua wa siri* lasema mambo mawili kwa pamoja: kuwa ndani, na kutofikiwa.

Hata hivyo jina zuri lisitudanganye. Ua hauzuii kiini kumnyima mwenye ua kurasa zake zote. Kazi itasimama, ingawa siri haitatoka. Tena kiini chaweza kuona ni ukurasa upi ulioitwa na kwa wakati gani, na mwerevu aweza kubuni mengi kwa kutazama nyayo tu. Na mwaka 2018 watafiti walitangaza kasoro iliyoitwa Foreshadow, ambayo kwayo siri za nyua ziliweza kusomwa kwa sababu ya udhaifu wa prosesa zenyewe. Ikabidi zitolewe dawa za kurekebisha.

Neno la mwisho ni hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, yamtaka ashikaye habari za watu azilinde. Mwenye kuulizwa na mwalimu wa nyumba salama, "Nani ataweza kulisoma daftari letu?" hana budi kujibu kwa lugha aielewayo muulizaji. Akisema "limo katika hifadhi", amemtuliza tu. Akisema "limo uani, na mwenye mashine yuko barazani", amemjibu. Na mwalimu ataweza kuuliza swali linalofuata, yaani ukuta wa ua huo umejengwa na nani, na una nyufa gani.