Chimango, Ndege Asiyekataa Chakula

Wakulima wa Argentina wana msemo wa zamani kwamba mtu asipoteze baruti kwa kumpiga chimango. Chimango ni ndege mla nyama, lakini nyama yake mwenyewe haitamaniwi na mtu. Kwa hiyo msemo huo hutumika kwa kila jambo lisilostahili taabu. Hata hivyo wako wafugaji wasioufuata, kwa kuwa humhesabu ndege huyu kuwa mwizi na adui wa mifugo. Na wako wengine, katika nchi ile ile, wanaofurahi kumwona shambani mwao. Ili kujua ni nani aliye na haki, yafaa kwanza kumjua ndege mwenyewe.

Chimango hupatikana Argentina, Chile, Uruguay, Paraguay na kusini mwa Brazil. Rangi yake ni hudhurungi, urefu wake ni sentimita 40 hivi, na uzito wake ni gramu 300 hivi, yaani hafikii ratli moja. Mgeni akimwona mara ya kwanza atamdhania mwewe mdogo. Lakini wataalamu humtia katika ukoo wa kozi, na jambo hili ni la ajabu kidogo, maana kozi husifiwa kwa kuruka kwa kasi na kukamata ndege wengine hewani, hali chimango hutembea sana kwa miguu ardhini kama kuku atafutaye chakula. Watu wa Chile humwita tiuque, kwa kuiga sauti yake.

Sifa yake kubwa ni kwamba hakatai chakula. Trekta ianzapo kulima, chimango hukusanyika makundi makundi nyuma ya plau, wamechanganyika na shakwe, wakiokota minyoo na mabuu yanayofunuliwa na udongo. Miongoni mwa mabuu hayo wamo watafunao mizizi ya mazao, na hapo ndipo mkulima anapomwita rafiki. Nyasi zikiungua, huja kuokota panzi na wanyama wadogo wanaokimbia moto. Huzifuata barabara kuu ili kula wanyama waliogongwa na magari. Hupanda juu ya migongo ya ng'ombe na farasi na kuwatoa kupe. Penye maji machache huweza hata kuvua samaki wadogo. Katika miji huonekana majaani, akigombea mabaki pamoja na mbwa. Tena, hili si la kumsifu, huiba mayai na vifaranga vya ndege wengine kila apatapo nafasi.

Charles Darwin, Mwingereza yule aliyesafiri Amerika ya Kusini katika miaka ya 1830, aliandika habari zake. Alimwona kuwa ndiye aondokaye mwisho penye mzoga, baada ya ndege wakubwa kushiba. Huingia ndani ya mbavu za ng'ombe au farasi aliyekufa na kuonekana kama ndege aliyefungiwa tunduni. Katika kisiwa cha Chiloé, upande wa Chile, Darwin aliambiwa kwamba chimango huharibu mashamba ya viazi kwa kuzifukua mbegu zilizopandwa karibuni. Ndege mla nyama anayeshtakiwa kwa kula viazi si jambo la kila siku.

Misitu ilipokatwa na mbuga kugeuzwa mashamba, wako ndege wala nyama waliopungua, kwa sababu kila mmoja wao ana windo lake maalumu na mahali pake maalumu. Chimango hakupata shida hiyo. Penye miti hujenga viota mitini, mara nyingi vingi karibu karibu. Pasipo miti hujenga katika majani ya kinamasi au chini kabisa. Wataalamu wa Argentina wamemjaribu pia kwa kumwekea nyama ndani ya sanduku lenye vifuniko. Iligunduliwa kwamba ndege vijana hawaogopi kitu kigeni kama wazee wao waogopavyo, na kwamba chimango aliyemtazama mwenzake akifungua sanduku hujifunza kwa kumtazama tu.

Sasa turudi kwenye mashtaka ya wafugaji. Ni kweli kwamba chimango huonekana penye kondoo wanaozaa. Lakini huja kwa ajili ya kondo la nyuma, na kwa ajili ya wana-kondoo waliokwisha kufa kwa baridi au njaa. Ndege asiyefikia ratli moja hana nguvu za kumwua mwana-kondoo mzima mwenye afya. Kumkuta juu ya mzoga si ushahidi kwamba yeye ndiye aliyeua, ingawa mwenye hasara huona taabu kuamini hivyo.

Jamaa yake mmoja, aliye mkubwa kuliko yeye na mwenye ujasiri zaidi, alipatwa na balaa kwa ajili ya mashtaka kama hayo. Huyo huishi katika visiwa vya Falkland na ncha ya kusini ya Amerika, na wenyeji wa Falkland humwita Johnny Rook. Mwaka 1908 serikali ya visiwa hivyo ilianza kutoa zawadi ya fedha kwa kuuawa kwake, ili kondoo wasalimike, na katika sehemu kubwa ya visiwa akatoweka kabisa. Leo analindwa na sheria, lakini hajarudi kuwa wengi kama zamani. Idadi yake ni ndogo, na eneo lake duniani ni dogo vilevile.

Chimango naye ana kisa cha namna nyingine. Katika miaka ya 1920 watu walimchukua kutoka Chile wakampeleka kisiwa cha Pasaka, mbali sana katika bahari ya Pasifiki, mahali ambapo hakuwapo tangu asili. Akastawi kama alivyostawi kwao. Huko huonekana juu ya farasi, akitoa kupe. Na katika miamba ya pwani hula mayai na vifaranga vya ndege wa baharini, ambao hawakuwa wamezoea adui wa namna yake.