Hija ya Namugongo: Maandalizi Yampasayo Mwamini Kabla ya Kuvuka Mpaka

Kila mwaka ifikapo tarehe 3 Juni, Mama Kanisa huadhimisha kumbukumbu ya Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake, Mashahidi wa Uganda. Siku hiyo waamini kutoka Uganda yenyewe, Tanzania, Kenya, Rwanda, Burundi, Kongo na kwingineko hukusanyika Namugongo, na wengine hufika wakiwa wametembea kwa miguu siku nyingi. Katika parokia zetu nako, jumuiya ndogo ndogo na vyama vya kitume huanza mapema kuchangishana nauli. Kwa kuwa maswali tunayoulizwa ni yale yale kila mwaka, tumeona vema kueleza hapa maandalizi ya hija hii, ya roho na ya mwili pia. Mambo haya mawili hayatengani, kwani asiyejiandaa humtwika mwenzake mzigo wake.

Mahali tunapokwenda

Namugongo iko kama kilomita 15 kutoka katikati ya jiji la Kampala. Hapo ndipo Karoli Lwanga alipochomwa moto tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga II. Basilika lililojengwa mahali hapo lina umbo la nyumba ya asili ya Kiganda, na nguzo zake 22 zinawakumbuka mashahidi 22 Wakatoliki waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887. Papa Benedikto XV aliwatangaza kuwa wenye heri mwaka 1920, naye Papa Paulo VI akawatangaza kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, wakati Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukiendelea.

Mwendo mfupi kutoka basilika kuna mahali patakatifu pa ndugu zetu Waanglikana. Huko ndipo wenzake Lwanga walipochomwa siku ile ile, Wakatoliki na Waanglikana kwa pamoja. Mahujaji wengi hurudi nyumbani bila kupaona. Tunawasihi viongozi wa misafara watenge muda wa kupafikia, na ikiwezekana wafike pia Munyonyo, ambako Lwanga aliwabatiza Kizito na wenzake wakatekumeni usiku wa kuamkia safari yao ya mwisho.

Tukumbuke pia kwamba sisi wa upande huu wa ziwa tuna undugu wa zamani na imani ile. Padre Simeon Lourdel na Bruda Amans, Wamisionari wa Afrika, walifika Buganda Februari 1879 kwa mtumbwi, wakitokea pwani ya kusini katika eneo la Mwanza ya leo. Mwaka 1882 wamisionari walilazimika kuondoka wakakaa Bukumbi, karibu na Mwanza, hadi mwaka 1885. Katika miaka hiyo bila padre, walei kama Yosefu Mukasa Balikuddembe na Andrea Kaggwa ndio waliowafundisha na kuwatunza wenzao.

Hati za safari

Mtanzania hahitaji viza kuingia Uganda, lakini anahitaji hati halali ya kusafiria. Hati hiyo ni pasipoti, au Hati ya Dharura ya Safari inayotolewa na Idara ya Uhamiaji. Kitambulisho cha Taifa peke yake hakitoshi, ingawa wapo wanaodhani kinatosha kwa sababu wamewaona Wakenya na Wanyarwanda wakivuka kwa vitambulisho vyao. Nchi hizo mbili zina mapatano na Uganda ambayo sisi hatumo. Anayehitaji hati afike ofisi ya Uhamiaji wiki kadhaa kabla ya safari, wala asisubiri juma la mwisho ambapo foleni huwa ndefu. Mtoto naye awe na hati yake, na kama hasafiri na wazazi, abebe barua yao ya ridhaa.

Hapa tuseme jambo moja bila kuficha. Kila msimu wa hija hujitokeza watu wanaowashawishi mahujaji wasio na hati wapite njia za panya, au watoe chochote ili wapitishwe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaeleza, chini ya Amri ya Nne, wajibu wetu kwa mamlaka halali na kwa mema ya wote. Hatuwezi kwenda kuwaheshimu vijana waliokufa kwa kukataa dhambi huku tukianza safari kwa rushwa. Zaidi ya hayo, aliyeingia kwa njia ya panya akiugua au kukamatwa, msafara mzima husimama. Asiye na hati abaki nyumbani mwaka huu, aungane nasi kwa sala, na ajiandae kwa mwaka ujao. Hatakuwa amepungukiwa neema.

Afya

Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo huanza kutambulika kimataifa siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo haifai kuchanjwa siku moja kabla ya safari. Ukishachanjwa mara moja, cheti hudumu maisha yote. Kitunze pamoja na hati yako. Fuata pia matangazo ya Wizara ya Afya kuhusu magonjwa ya mlipuko.

Wenye shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa mwingine wa kudumu wabebe dawa za siku zote za safari na za siku mbili tatu za ziada, wazishike mkononi wala si kwenye mizigo ya chini ya basi. Wamweleze kiongozi hali yao. Tumewahi kusafiri na mama mmoja aliyeficha kisukari chake kwa hofu ya kukatazwa kwenda. Alifunga chakula njiani kwa ajili ya nia yake, akazirai usiku. Aliokolewa na kijana muuguzi aliyekuwa ndani ya basi. Kanisa halimdai mgonjwa mfungo. Sadaka yake ni kumeza dawa kwa wakati na kukubali kusaidiwa.

Mahujaji wengi hulala nje, uwanjani. Chukua blanketi, mkeka, sweta, koti la mvua na dawa ya kuzuia mbu. Mahujaji wengine huchota maji ya ziwa dogo la Namugongo na kurudi nayo nyumbani kwa ibada. Ni desturi njema ikifanywa kwa imani ya kweli, lakini maji hayo hayachukui nafasi ya dawa, na asiyanywe mtu bila kuyachemsha.

Fedha na msafara

Lipa nauli kwa kiongozi anayefahamika na paroko wako, nawe upewe stakabadhi. Mtu akikusanya michango kwa jina la parokia bila paroko kujua, uliza kwanza ofisini. Mpakani Mutukula badili fedha kwenye duka lenye kibali, si kwa mtu wa barabarani, na hesabu noti zako kabla ya kuondoka dirishani. Gawa fedha sehemu mbili au tatu. Andika kwenye karatasi namba ya simu ya kiongozi, namba ya basi na jina la mahali mtakapolala, maana simu huishiwa chaji, na laini ya nyumbani yaweza kukosa mtandao ng'ambo.

Injili ya Luka inatueleza jinsi Yesu, akiwa na umri wa miaka 12, alivyobaki Yerusalemu wakati wazazi wake wakitembea mwendo wa siku nzima wakidhani yumo katika msafara. Maria na Yosefu hawakuwa wazembe. Msafara ulikuwa mkubwa, na kila mmoja alidhani mwenzake anamwona mtoto. Basi msidhani. Kila basi ligawe watu katika vikundi vya kumi kumi, na kila kikundi kihesabiwe kabla ya kuondoka, mpakani, na baada ya Misa.

Uwanjani na njiani

Siku ya sherehe watu ni wengi mno, na langoni kuna ukaguzi. Acha visu na vitu vyenye ncha kali nyumbani. Fika mapema, kunywa maji ya kutosha, na kubalianeni mahali pa kukutana mtu akipotea. Anayetaka kuungama afanye hivyo parokiani kabla ya safari, kwa sababu foleni za kitubio huko ni ndefu.

Si kila Mganda anajua Kiswahili. Jifunze maneno machache ya Kiganda: *ssebo* kwa kumwita mwanamume kwa heshima, *nnyabo* kwa mwanamke, *weebale* kwa kushukuru. Mgeni anayeshukuru kwa lugha ya mwenyeji hupokewa vizuri zaidi. Usiwapige watu picha wakisali bila ruhusa, wala usiache taka pale ulipolala. Na kama unakusudia kununua bidhaa, zikate ushuru kwa ukweli wakati wa kurudi, wala usimfiche mwenzako mzigo wako kwenye begi lake.

Namna ya kusafiri

Katika Zaburi, zile za 120 hadi 134 huitwa nyimbo za kupandia kwenda Yerusalemu. Kwa desturi hiyo, Israeli ilianza kusali kabla ya kuuona mji mtakatifu. Nasi tunapendekeza kila siku ya safari iwe na Rozari, tafakari fupi ya maisha ya shahidi mmoja, na saa moja ya ukimya ambapo redio ya basi huzimwa. Foleni ya mpakani nayo yaweza kuwa sala. Karoli Lwanga na wenzake walifika Namugongo wakiwa wamefungwa, na hapakuwa na aliyewaahidi kurudi. Sisi tunafika tukiwa huru, tuna hati mfukoni, na nyumbani kuna wanaotungoja. Tusiudhike basi kwa saa mbili za kusimama juani. Tumpishe mzee apate kivuli, tumbebee mama mtoto wake.

Yeyote mwenye swali kuhusu hija ya mwaka huu afike ofisi ya parokia yake mapema. Tunawaombea maandalizi mema na safari ya amani.

Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzako, mtuombee.