Abdurrahman bin Auf: Tajiri Aliyetoa kwa Ajili ya Allah

Abdurrahman bin Auf alikuwa Mkureishi wa ukoo wa Banu Zuhra, mzaliwa wa Makka. Alisilimu mapema kwa kulinganiwa na Abu Bakr, naye ni miongoni mwa masahaba kumi waliobashiriwa Pepo.

Mateso ya Makureishi dhidi ya Waislamu yalimfanya ahamie Uhabeshi, na baadaye Madina, alikofika bila mali. Mtume (S.A.W.) alimuunganisha kwa udugu na Saad bin Rabii, mmoja wa Ansari (Waislamu wenyeji wa Madina), ambaye alijitolea kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko tu. Alianza kwa kuuza samli na jibini, na haikuchukua muda akapata mahari ya kuoa. Mtume alimhimiza afanye walima (karamu ya ndoa), hata kwa kondoo mmoja.

Biashara ilistawi, na utoaji wake ukakua nayo. Inasimuliwa kwamba msafara wake wa ngamia 700 uliingia Madina ukiwa na shehena, akautoa wote katika njia ya Allah. Aliuza pia shamba kwa dinari 40,000, na fedha hizo akawagawia jamaa zake, mafukara na wake wa Mtume.

Alipigana katika vita vya Badr na Uhud. Mwaka 644 Miladia alikuwa mmoja wa watu sita wa shura (baraza la mashauriano) iliyomchagua Uthman kuwa khalifa. Alifariki mwaka wa 32 Hijria, akazikwa katika makaburi ya Baqii, baada ya kuusia dinari 400 kwa kila mpiganaji wa Badr aliyekuwa hai.