SOMO LA KUMI NA NNE: KUCHAGUA DISKI NA PEDI ZA BREKI

Sogeeni karibu na redio, na kila mtu awe na kalamu na daftari lake. Juma lililopita tulijifunza habari za tairi. Leo tutajifunza habari za breki za gari la kazi, lile linalosukumwa na magurudumu yote manne, ambalo leo huenda mjini kuleta mbolea na kesho hupita katika matope na mawe.

Labda mmoja wenu atasema, "Mwalimu, mimi sina gari." Ni kweli, lakini unapanda gari la watu, na watoto wako wanapanda. Tena, kama chama chenu cha ushirika kina gari, siku moja mtaulizwa fedha za spea zitumike namna gani. Siku hiyo asiyejua atafuata maneno ya mwenye duka.

Breki hufanya kazi gani?

Gurudumu linapozunguka, diski ya chuma huzunguka pamoja nalo. Dereva akikanyaga breki, mafuta ya breki husukuma pedi mbili, zikaibana diski huku na huku. Sasa sugueni viganja vyenu kwa nguvu. Mmesikia joto? Hivyo ndivyo ilivyo breki. Hugeuza mwendo kuwa joto. Joto likizidi, breki hushindwa.

Fikirini barabara ya kutoka Lushoto kwenda Mombo, katika milima ya Usambara. Gari huteremka karibu meta 1,000. Gari lenye uzito wa kilo 2,500 pamoja na mzigo, likizuiwa kwa breki peke yake, hutoa joto ambalo lingeweza kuchemsha ndoo tatu za maji za lita 20. Ndiyo sababu dereva mzoefu hushuka kwa gia ndogo, ili injini imsaidie kulizuia gari. Hakuna pedi, hata ya bei kubwa, inayoweza kufanya kazi ya gia ndogo.

Tena kumbukeni mwendo. Gari likitoka mwendo wa km 40 kwa saa likafika km 80, joto la kulisimamisha si mara mbili. Ni mara nne.

Jueni ugonjwa kabla ya kununua dawa

Kuna dalili mbili. Ya kwanza, kanyagio la breki ni gumu, lakini gari halipunguzi mwendo. Hapo pedi zimepata moto kupita kiasi. Ya pili, kanyagio linazama kama mtu akanyagaye sifongo. Hapo huenda mafuta ya breki yamechemka yakatoa mvuke.

Mafuta ya breki hunyonya maji ya hewani. Someni chupa yake. Mafuta mapya yaliyoandikwa DOT 4 hayachemki kabla ya digrii 230. Yakiingiwa na maji, yanaweza kuchemka kwenye digrii 155 tu. Basi yabadilisheni kila baada ya miaka miwili hivi. Watu wengi hununua diski za fahari, kumbe ugonjwa uko kwenye mafuta.

Diski za namna tatu

Diski za mbele za magari mazito huwa na nafasi katikati ya nyuso zake mbili, ili hewa ipite na kupoza chuma. Zenye nyuso laini ni imara, na bei yake ni nafuu. Za pili zina mifereji iliyochorwa juu ya uso. Mifereji hiyo hufagia maji, matope na vumbi, lakini hupiga kelele kidogo na kumaliza pedi upesi. Za tatu zimetobolewa matundu. Hizi hupendeza macho, lakini vijiwe na matope huziba matundu, na kwa joto kubwa nyufa huanzia hapo. Kwa gari la njia mbaya, chagueni laini zilizo bora, au zenye mifereji. Zenye matundu waachieni wengine.

Pedi, na herufi zake

Pedi laini za nyuzinyuzi hazina kelele na haziumizi diski, lakini huchoka upesi kwa joto. Pedi za kauri ni kimya na vumbi lake ni kidogo. Zinafaa sana mjini. Pedi zenye chembe za chuma huvumilia joto na mzigo, ingawa hula diski zaidi, na asubuhi zikiwa baridi hazishiki sana. Kwa gari la mizigo na milima, hizi za chuma ndizo zifaazo.

Sasa kusoma kwenu kutawafaa. Pedi nyingi zina herufi mbili ubavuni, kama EE, FF au GG. Ya kwanza huonyesha jinsi pedi inavyoshika ikiwa baridi, ya pili ikiwa moto. F hushika kuliko E, na G kuliko F. Mkiona FE, jueni pedi hiyo hulegea ikipata moto. Tafuteni FF au zaidi.

Na kwenye diski hupigwa chapa MIN TH, kisha namba ya milimeta. Huo ndio unene wa mwisho. Diski ikifika hapo, haifai tena, hata fundi akisema, "Bado, bado."

Kuzifunga na kuzizoeza

Badilisheni pedi za magurudumu yote mawili, la kulia na la kushoto, kwa siku moja. Vumbi lake msilipulize kwa mdomo, maana hudhuru mapafu. Kisha mahali pa salama, mwendo ukiwa km 50 kwa saa, punguzeni kwa breki mpaka km 10, mara kumi hivi, bila kusimama kabisa. Halafu endesheni polepole zipoe.

Fedha zikiwa chache, anzeni na mafuta mapya na pedi nzuri. Diski zifuate kama zimekwisha. Na kama mmefunga tairi kubwa kuliko za kwanza, kumbukeni kwamba breki zenu zimeongezewa kazi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kanyagio likizama, mtatazama nini kwanza?
2. Kwa nini diski zenye matundu hazifai kwenye matope?
3. Pedi ya FE na ya FF, mtanunua ipi? Kwa nini?

Kabla ya somo lijalo, kila mmoja aombe ruhusa ya dereva, asome chapa moja ya diski au pedi, aiandike daftarini. Kwaherini, wasikilizaji.