Hewa Ukaa Ikizikwa, Nani Atakula?

Msee, kama kwenu ni Keroka, pale mji umegawanywa kati ya Kisii na Nyamira, unajua shamba ni kipande tu. Migomba, majani chai kidogo, kaburi la babu, basi. Sasa jiulize: mtu akitaka kuzika hewa ukaa chini ya kipande hicho, atamlipa nani?

Hii si stori ya sinema. Kule Gilgil, kampuni ya Nairobi iitwayo Octavia Carbon inanasa hewa ukaa ili iingizwe kwenye miamba ya volkano ya Bonde la Ufa. Iceland walianza majaribio yao 2012: gesi iliyeyushwa kwenye maji, ikasukumwa ndani ya basalti, na sehemu kubwa ikageuka jiwe ndani ya miaka miwili.

Lakini si kila mahali gesi hugeuka jiwe, kwa hivyo ghala linataka mlinzi. Ulaya waliliona hilo mapema. Sheria yao ya 2009 inamtaka mwenye mradi, kabla ya kuikabidhi serikali ghala, alipe pesa zinazotosha angalau miaka 30 ya ukaguzi. Hauziki halafu unahepa.

Na huku kwetu? Mimi niliacha chuo, lakini sheria ya tabianchi iliyorekebishwa 2023 nimeisoma kwa simu. Inasema mradi wa kaboni unaotumia ardhi uipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Tamu, sivyo? Soma tena polepole. Mkataba huo na jamii unahusu ardhi ya umma na ardhi ya jamii. Gusii mashamba mengi ni ya mtu binafsi. Ile robo ekari ya babu yenye hatimiliki haimo. Hapo unapata kile ulichopatana, hakuna zaidi.

Hata kama hakuna atakayekuja kuchimba Keroka, kaboni huuzwa pia kupitia miti na udongo, na mkataba ni mkataba. Kwa hivyo mtu akifika nyumbani na fomu, usimwachie nyanya aweke kidole gumba peke yake. Uliza: Nalipwa ngapi, na lini? Mkataba ni wa miaka mingapi? Mkienda, nani atabaki akilinda?

Kama unaweza kuskroli TikTok hadi saa nane usiku, kurasa chache za mkataba hazitakushinda.