Nyimbo za miaka ya 90 zilivyouzwa kwa butura

WAKULIMA wa kahawa mkoani Kagera wana neno lao, butura. Mkulima mwenye shida ya fedha, pengine ada ya mtoto au mgonjwa ndani ya nyumba, humuuzia mwenye fedha kahawa ikiwa bado mtini, wakati mwingine ikiwa ndiyo kwanza imetoa maua. Bei ni ya siku hiyo na hupangwa na mnunuzi. Msimu ukifika, anayevuna si yule aliyepalilia.

Ukizitazama kwa jicho la biashara nyimbo zilizotamba nchini mwishoni mwa miaka ya 90, utaona kwamba nyingi ziliuzwa kwa mtindo huo huo. Mwimbaji alipata jina, msambazaji akapata mali. Zaidi ya miaka 25 baadaye nyimbo hizo zimeingia kwenye kundi la zilipendwa. Zinapigwa harusini, baa na kwenye vipindi vya redio vya mwisho wa wiki. Swali ambalo wengi wa walioziimba hawajalijibu ni moja tu: nani mwenye mali?

Soko lilivyofunguka

Kwa miaka mingi tajiri mkubwa wa muziki wa dansi Tanzania alikuwa mashirika na jumuiya za umma. Msondo ilikuwa chini ya jumuiya ya wafanyakazi, na ndiyo sababu jina lake lilibadilika kutoka NUTA kwenda JUWATA na baadaye OTTU. Mlimani Park, wana Sikinde, walikuwa chini ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, na mwisho wa mwezi kulikuwa na mshahara. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, na kanda zikabaki kwenye maktaba ya redio.

Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa vituo binafsi. Radio One na ITV zilianza mwaka 1994, na Clouds FM ikafuata mwaka 1999. Vituo hivyo vilihitaji nyimbo za kujaza saa nyingi za matangazo. Wakati huo huo zilijitokeza studio za watu binafsi, zikiwamo za Master J na P-Funk, ambako kijana asiye na bendi wala gitaa angeweza kurekodi.

Matokeo yake yalisikika mtaani. Mr II, ambaye mwanzo alijiita 2Proud na ambaye baadaye alikuwa Mbunge wa Mbeya Mjini, alitoa Hali Halisi mwaka 1998, wimbo uliozungumzia ugumu wa maisha na siasa za nchi. Mwaka 1999 African Stars, wana Twanga Pepeta, walitamba na Kisa cha Mpemba. Kwenye taarab, ushindani wa TOT na Muungano ulikuwa umekwisha kuwagawa mashabiki, hawa kwa Khadija Kopa na wale kwa Nasma Khamis. Nyimbo za nje nazo zilikuwa na nafasi yake. Awilo Longomba wa Congo na Brenda Fassie wa Afrika Kusini hawakukosekana kwenye kumbi na mabasi.

Kila muziki ulikuwa na njia yake ya kuingiza fedha. Taarab iliishi kwa kiingilio na kutunzwa, fedha ambazo mwimbaji alizipokea mkononi wimbo ukiwa unaendelea. Dansi iliishi kwa mlango, kwa kuwa bendi ilipiga siku kadhaa kwa wiki. Vijana wa rap hawakuwa na ukumbi wa kila wiki, hivyo tegemeo lao kubwa lilikuwa kanda. Kwa maneno mengine, waliohitaji zaidi soko la kanda ndio waliokuwa wageni zaidi katika soko hilo.

Kanda mama Kariakoo

Msururu wa biashara ya kanda ulikuwa mfupi. Msanii alitafuta fedha za studio, akarekodi nyimbo na kutoka na kanda mama. Kanda hiyo aliipeleka Kariakoo kwa msambazaji, mtu mwenye mashine za kudurufu, mtaji wa kununua kanda tupu na wateja wa jumla kutoka Mwanza, Mbeya na Arusha. Msambazaji alichapa makasha, akadurufu na kuuza. Maduka ya kudurufu yalikuwapo tangu miaka ya 80, na mengi yalikulia kwenye kunakili nyimbo za watu bila kumuuliza mtu.

Mbele ya msambazaji msanii alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kulipwa kwa kila kanda itakayouzwa. Ya pili ni kuchukua fedha zote kwa mkupuo, akabidhi kanda mama na kuondoka. Wengi walichagua mkupuo, na mara nyingi makubaliano yalikuwa ya mdomo au karatasi moja isiyotaja muda wala eneo.

Ni rahisi leo kusema kwamba walikosa akili ya biashara. Hesabu inaonyesha vingine.

Hesabu yenyewe

Chukua mfano, na ni mfano wa hesabu tu. Msambazaji anatoa Sh1,000,000 taslimu kwa mkupuo. Au anaahidi Sh100 kwa kila kanda. Zikiuzwa kanda 20,000, njia ya malipo kwa kanda inampa msanii Sh2,000,000, mara mbili ya mkupuo. Hapo kila mtu angemshauri msanii asubiri.

Lakini nani anahesabu kanda? Mashine za kudurufu ziko chumbani kwa msambazaji, vitabu ni vyake na wateja ni wake. Akiuza 20,000 na kutangaza 8,000, msanii anapata Sh800,000, pungufu ya mkupuo aliokataa. Katika mfano huu, msanii anayedhani kwamba kanda zitakazotangazwa hazitafika 10,000 anafanya jambo la busara kuchukua mkupuo. Bei ya mkupuo, basi, ni bei ya kukosa imani na mizani.

Ongeza kwamba zipo kanda nyingine ambazo hata msambazaji mwenyewe hakuzidurufu. Siku chache baada ya wimbo kutoka, kanda feki zilikuwa mikononi mwa wamachinga kwa bei ya chini. Hasara hiyo msambazaji aliiweka kwenye hesabu yake mapema, na akaikata kwenye bei aliyompa msanii. Aliyeibiwa kwanza, kwa hiyo, alikuwa msanii.

Kuna na suala la muda. Mwaka 1995 mfumuko wa bei nchini ulikuwa zaidi ya asilimia 25. Kwa kasi hiyo, Sh1,000,000 ya kulipwa baada ya mwaka mmoja ilikuwa na thamani ya chini ya Sh800,000 za siku hiyo. Kufikia mwaka 1999 mfumuko ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 10, lakini mazoea ya kutaka fedha leo yalikuwa yamekwisha kujengeka. Na kijana aliyekopa fedha za studio hakuweza kusubiri mwaka mzima.

Haya ndiyo mambo matatu yanayomsukuma mkulima kwenye butura: shida ya fedha za haraka, kutojua bei na kiasi halisi, na kukosa ghala la kuhifadhi mali hadi soko likae sawa.

Sheria ilikuja, mizani ikachelewa

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya zamani ya hakimiliki ilikuwa ya mwaka 1966, iliyoandikwa kabla kanda za kaseti hazijaenea. Mwaka 1999 Bunge lilipitisha Sheria mpya ya Hakimiliki na Hakishiriki, na mwaka 2001 ikaanzishwa COSOTA, chama cha kusimamia haki hizo. Sheria ilimpa mtunzi ulinzi kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Zanzibar nayo ilitunga sheria yake mwaka 2003.

Kwenye karatasi hilo lilikuwa jambo kubwa. Wimbo ukawa mali inayoweza kurithiwa, kama shamba la mikarafuu. Lakini haki na mapato ni vitu viwili. Ili msanii apate mirabaha, lazima mtu ahesabu wimbo umepigwa mara ngapi redioni, baa na hotelini, kisha anayepiga alipe. Kwa miaka mingi kazi hiyo ya kuhesabu ndiyo iliyokuwa ngumu. Mwaka 2013 zilianza kutumika stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu, ili nakala halali itambulike. Wakati huo hata hivyo wanunuzi walikuwa wanahama kutoka kanda na CD kwenda kwenye simu, ambako nyimbo ziliingizwa kwenye memori kadi kwa bei ya soda.

Majirani hawakuwa na nafuu kubwa. Mwishoni mwa miaka hiyo hiyo Wakenya walikuwa na Hardstone, Kalamashaka na Poxi Presha, na kanda feki zilikuwa kero Nairobi kama zilivyokuwa Dar es Salaam. Poxi Presha, aliyetamba na Otonglo Time, alijulikana kwa kampeni zake dhidi ya wizi wa kazi za wasanii hadi alipofariki mwaka 2005. Kenya ilipata sheria yake mpya ya hakimiliki mwaka 2001.

Somo la korosho

Wakati wasanii wakihangaika, upande wa mazao kulikuwa na jaribio la kuondoa tatizo hilo hilo. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilipitishwa mwaka 2005, na katika msimu wa 2007/08 mfumo huo ukaanza kutumika kwenye korosho za kusini. Mkulima anapeleka korosho ghalani, zinapimwa, anapewa stakabadhi, na mnada unafanyika mbele ya wanunuzi wengi.

Mfumo huo umekuwa na lawama zake, hasa malipo kuchelewa na makato kuwa mengi, na wanunuzi wa kangomba hawajaisha vijijini. Lakini ulifanya jambo moja ambalo soko la kanda halikuwahi kulifanya. Ulitenganisha mwenye mizani na mnunuzi. Palipo na mizani ya mtu wa tatu, muuzaji anaweza kusubiri bei, na anaweza hata kukopa kwa kutumia stakabadhi yake kama dhamana.

Nyimbo zile leo

Hapa ndipo nyimbo za miaka ya 90 zinaporudi kuwa habari ya biashara na si kumbukumbu tu. Mitandao ya kusikiliza muziki imeleta mizani. YouTube huonyesha hadharani wimbo umetazamwa mara ngapi. Spotify ilifungua huduma zake Tanzania na Kenya mwaka 2021, na Boomplay nayo ina wateja wengi katika nchi hizi. Malipo kwa kila usikilizaji ni madogo sana, lakini hesabu ipo, na wimbo wa zamani hauhitaji tena gharama ya studio. Kila shilingi inayoingia ni ya mwenye haki.

Tatizo ni kumjua huyo mwenye haki. Nyimbo nyingi za wakati ule zimepandishwa mitandaoni na watu wasiohusika kabisa, mashabiki au wafanyabiashara, na mapato yanakwenda kwao. Nyingine zinadaiwa na warithi wa wasambazaji wa Kariakoo wenye risiti ya mwaka 1998. Baadhi ya watunzi wamefariki, na watoto wao hawajui kwamba kuna kitu cha kurithi.

Sheria za hakimiliki hutofautisha kumiliki nakala ya kazi na kumiliki haki za kazi yenyewe. Aliyenunua kanda mama ili adurufu kaseti hakununua lazima haki ya kuuza wimbo kwa njia ambazo wakati ule hazikuwapo. Jibu hutegemea kilichoandikwa na kilichotiwa saini, na kwa wengi kilichoandikwa ni kidogo mno. Udhaifu wa karatasi zile, ambao uliwaumiza wasanii zamani, leo unaweza kuwa upande wao.

Mambo ya kufanya

Msanii wa wakati ule, au familia yake, aanze kwa kuorodhesha nyimbo zote, nani alitunga, nani aliimba, studio gani na mwaka gani. Kasha la kaseti lenye majina ni ushahidi, lisitupwe. Pili, atafute kila karatasi aliyosaini na kumpa mwanasheria aisome kabla ya kumfuata mtu yeyote kwa madai. Tatu, asajili kazi hizo katika ofisi ya hakimiliki. Nne, apandishe nyimbo mwenyewe au kupitia wakala kwa mkataba wenye asilimia, muda wa mwisho na haki ya kuona hesabu. Kwa zile zilizokwisha kupandishwa na wengine, mitandao mikubwa ina utaratibu wa mwenye haki kudai kazi yake.

Kwa vijana wanaorekodi sasa somo ni lile lile. Butura haijafa, imebadili sura. Siku hizi inakuja kama fedha za video au gari la kutembelea, na nyuma yake kuna mkataba wa miaka mingi unaochukua nyimbo zote. Kukopa si kosa, na mwekezaji anastahili faida yake. Lakini deni liwe na kikomo. Likishalipwa, wimbo urudi kwa mwenyewe.

Kahawa iliyouzwa ikiwa ua huvunwa msimu mmoja tu, na mwaka unaofuata mti unachanua tena kwa ajili ya mkulima. Wimbo uliouzwa bila kikomo humvunia mwingine kila msimu, hata baada ya mtunzi wake kuzikwa.